Reli iliwakuta watu: majina yanavyosimulia Makambako na Njombe za awali

Anayeshuka Makambako hupokewa kwanza na upepo. Haupigi hodi. Unapenya kwenye mikono ya koti, unarusha vumbi la stendi na kutikisa maturubai ya vibanda, na kabla msafiri hajauliza bei ya chai ameshajua kwamba yuko juu, zaidi ya meta 1,600 kutoka usawa wa bahari. Wapiga debe wanaita pande tatu kwa pumzi moja: Mbeya na Tunduma, Njombe na Songea, Iringa hadi Dar. Kina mama wenye mabeseni ya parachichi na viazi vya kuchemsha wanakimbilia madirisha ya basi lililosimama, kwa sababu dereva hatasubiri. Ng'ambo ya mji, treni ya mizigo inapiga honi.

Muulize mpita njia mji huu ulianzaje, naye atakuonyesha kwa kidole upande wa stesheni. Makambako, atakwambia, ni mtoto wa reli ya Mchina. Ni jibu la haraka, na lina ukweli ndani yake. Lakini reli haikukuta pori tupu. Ilikuta watu, mashamba ya ulezi, njia za miguu na majina. Hayo majina ndiyo daftari kongwe zaidi la sehemu hii, na bado yanasomeka, ilimradi msomaji asiwe na haraka.

Fahali na mti

Tuanze na jina lenyewe. Shina la neno kambako, au kambaku, lina maana ya dume la ng'ombe katika lugha kadhaa za Kibantu. Msukuma akisikia nkambaku, anaona fahali. Ndiyo maana tafsiri mojawapo ya jina Makambako ni madume, mafahali. Kilomita kama 60 kusini, wenyeji wa Njombe husimulia kwamba mji wao ulipewa jina la mti, mdzombe, uliokuwa ukiota hapo. Fahali na mti: majina mawili ya wafugaji na wakulima, yaliyotolewa na watu walioitazama ardhi kwa manufaa yake, muda mrefu kabla mtu yeyote hajaichorea ramani.

Watu hao ni Wabena. Mapokeo yao yanalihusisha jina la kabila na kubena, yaani kuvuna ulezi kwa kuvunja masuke. Ulezi ulikuwa chakula na kinywaji, ugali na pombe, kabla mahindi hayajatwaa mashamba. Mvua zikianza, kinywaji kingine kilishuka kutoka kwenye mianzi. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, kikombe cha mwanzi kiitwacho mbeta hufungwa chini ya mkato, na utomvu hudondoka usiku kucha. Asubuhi ulanzi ni mtamu kama juisi na mtoto anaweza kuonja; ukilala siku mbili ni jambo la wakubwa. Hata leo, kati ya Novemba na Aprili, ndoo za ulanzi zinauzwa kando ya barabara kuu, na mgemaji bado hukata ncha ile ile kila asubuhi na jioni.

Kijiji kwa maana ya leo, nyumba zilizopangwa mstari na ofisi ya mtendaji katikati, hakikuwapo. Watu waliishi kwa kaya zilizotawanyika kwenye miinuko, kila ukoo na mashamba yake. Walipokusanyika, sababu mara nyingi ilikuwa vita. Karne ya 19 ilikuwa ya misukosuko katika Nyanda za Juu Kusini: Wangoni walikuwa wamejiimarisha kusini, Wahehe wakapanda chini ya Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa, Wasangu wakawa magharibi, na Wabena wakabaki katikati, wakitoa ng'ombe huku na wapiganaji kule. Ngome iliitwa lilinga, neno ambalo limetupatia jina la Iringa. Sehemu nyingine watu walijificha. Msitu na mapango ya Nyumbanitu, yaani nyumba nyeusi, bado hutajwa na Wabena kama mahali pa matambiko na kimbilio la zama za vita.

Wako waliochagua kuhama. Kundi moja la Wabena liliteremka hadi bonde la Kilombero na kuanzisha utawala wake kwenye mito. Safari hizo zimeacha alama ambayo yeyote mwenye ramani anaweza kuifuata. Iko kata ya Utengule Makambako. Iko Utengule Usangu. Iko Utengule nyingine chini huko Kilombero. Jina Mahongole nalo liko Makambako na liko Usangu. Watu walipohama walibeba mbegu, mifugo na jina la mahali walipotoka, wakalipanda upya. Mgeni husoma majina hayo kama bahati tu. Kwa mwanahistoria ni nyayo.

Mmoja wa Wazungu wa kwanza kuandika kwa urefu juu ya kupita katika nchi hii alikuwa kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson. Mwaka 1879 mkuu wa msafara wake, Keith Johnston, alifariki njiani, na Thomson, akiwa na umri wa miaka 21, akauongoza msafara kupitia Uhehe na Ubena hadi Ziwa Nyasa. Kwake hii ilikuwa njia ya kufika kwingine. Ni hatima ambayo Makambako ingekuja kuizoea.

Kengele ya Yakobi

Tabaka la pili la majina lina harufu ya Biblia. Wamisionari Walutheri wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda polepole kupitia Ukinga, na kufikia mwisho wa karne hiyo walikuwa wamefungua vituo Ubenani: Kidugala, Ilembula, Lupembe na Yakobi. Vitatu vya kwanza vilibaki na majina ya wenyeji. Cha nne kiliitwa kwa jina la Kikristo, na leo Yakobi ni kata kamili ya Mji wa Njombe.

Vituo hivyo vilibadili maana ya neno kijiji. Kuzunguka kanisa palikuwa na shule, zahanati, bustani, karakana ya seremala na nyumba za waumini zilizojengwa karibu karibu. Kengele ilianza kugawa siku. Mtu aliyekuwa amezoea kujua saa kwa kivuli alijikuta akiishi kwa mlio wa chuma.

Si kila mtu aliupenda mlio huo. Vita vya Majimaji vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 vilifika Ubena miezi miwili baadaye. Septemba 19, 1905 wapiganaji wa Kingoni na Kibena, wakiwamo mtwa, yaani mtawala, Mbeyela na watu wake, waliishambulia misheni ya Yakobi. Ndani alikuwamo mmisionari Paul Gröschel pamoja na waumini Waafrika, ambao walijihami hadi shambulio likashindikana. Ni picha ngumu kuikumbuka bila kutafakari: Wabena nje ya ukuta, Wabena ndani ya ukuta, na kila upande ukiamini unalinda mustakabali wa nchi yake.

Adhabu ya Wajerumani haikubagua sana. Katika maeneo yaliyoasi, mashamba na maghala yalichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa alikadiria kwamba Majimaji kwa jumla iligharimu maisha ya watu kati ya 250,000 na 300,000. Kaya ambazo tungependa leo kuuliza habari za waasisi wake zilivunjika katika miaka hiyo miwili. Pengo kubwa katika historia ya awali ya vijiji vya Njombe lina sababu, na sababu hiyo ni moto.

Muongo mmoja baadaye vita vya wengine, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vikapita palepale. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yalipanda kutoka upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, yakapigana na Wajerumani huko Malangali Julai 24, na Novemba mwaka huohuo kikosi cha Kijerumani kikasalimu amri Ilembula, kituo kilichokuwa kimejengwa kwa ajili ya sala. Mizigo ya pande zote mbili ilibebwa na vichwa vya watu wa hapa na wa mbali, na vitabu vya vita havikutaja majina yao.

Njombe, mji wa ofisi na miti ya kigeni

Waingereza walipotawala, Njombe ikawa makao ya wilaya. Hapo ndipo tofauti ya miji hii miwili inapoanza. Njombe ilikua kwa kalamu: boma, mahakama, hospitali, shule, na foleni ya walipa kodi. Ilijengwa kwenye kilima chenye baridi, karibu na maporomoko ya mto Ruhuji, ambao huteremka kutoka hapo hadi Kilombero na mwisho kuchangia maji ya Rufiji. Msafiri anayeingia mjini leo anayaona maporomoko hayo kutoka barabarani bila hata kushuka garini.

Kodi ilitaka fedha taslimu, na fedha haikuwa Njombe. Ikawa ni ya kufuatwa. Vijana wa Kibena, Kikinga na Kipangwa walikwenda kwa maelfu kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikwa namba kabla ya jina. Wilaya ya Njombe ilikuwa miongoni mwa mabwawa makubwa ya nguvukazi ambayo wakala wa wenye mashamba ya mkonge, SILABU, ulikuwa ukivua. Kijiji cha enzi hiyo kilikuwa cha wanawake, wazee na watoto. Baba alikuwa barua na blanketi alilorudi nalo.

Mwaka 1949 kazi ikaja nyumbani. Shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza lilianzisha kampuni ya miwati, Tanganyika Wattle, inayojulikana hadi leo kama TANWAT. Muwati ni mti wa Australia. Gome lake hutoa dawa ya kulainishia ngozi viwandani. Ekari kwa ekari, vilima vilivyokuwa vya nyasi na malisho vikavaa rangi ya kijani kibichi isiyo ya kwao. Baadaye ikaja paini, ikaja milingoti, likaja zao la chai Kibena, Luponde na Lupembe. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Njombe imewabishia: miti ipo, wajenzi wapo, na nguzo na mbao zake zimejenga nusu ya nchi. Ila mji uliopewa jina la mti wa asili leo unafahamika kwa miti ya wageni, na kijana wa Njombe atakutofautishia paini na mlingoti kwa macho tu, lakini mdzombe itabidi akamwulize bibi yake.

Barabara ya jehanamu, kisha reli

Makambako wakati huo ilikuwa bado mahali pa kupita. Kilichoigeuza kilitokea mbali sana, huko Salisbury. Novemba 11, 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilitangaza uhuru wa Rhodesia kwa nguvu, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta shaba yake na mafuta yake vinapita mikononi mwa adui. Njia iliyobaki ilikuwa ya kaskazini-mashariki, hadi bandari ya Dar es Salaam. Malori ya Fiat yakaanza kumiminika kwenye barabara ya udongo, mapipa ya mafuta kwenda, shaba kurudi. Mvua ikinyesha, milima ikawa utelezi na makorongo yakameza magari. Madereva waliibatiza jina la barabara ya jehanamu.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilipunguza mzigo huo. Barabara yenyewe ikawekwa lami kwa fedha ambazo sehemu yake zilitoka Marekani. Na ikaja reli ya Mchina, TAZARA. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza rasmi Oktoba 1970, na kufikia Novemba 1971 njia ilikuwa imefika Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam.

Hapo ndipo milima ilipokataa. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, kama kilomita 158, ndicho kigumu kuliko vyote katika kilomita 1,860 za TAZARA. Reli inatakiwa itoke kwenye joto la bonde la Kilombero, ipande zaidi ya meta elfu moja, na itokee kwenye upepo wa nyanda za juu. Mengi kati ya mahandaki ya njia nzima yako hapa, pamoja na madaraja marefu yaliyosimama juu ya makorongo yenye udongo unaoporomoka. Wachina na Watanzania walichimba pamoja, vijana wengi wakiwa wametoka Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha katika ujenzi wa reli hiyo nchini Tanzania na Zambia, na makaburi ya wengi wao yako nje kidogo ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo treni ilipotoa kichwa Makambako, ilikuwa imemaliza kazi ngumu kuliko zote. Kuanzia hapo njia ilikwenda kwa wepesi, ikafika Tunduma Agosti 1973. Na palepale ilipopumulia ndipo ilipokutana na barabara kuu na njia ya Songea. Njia tatu mahali pamoja: fahali alikuwa amepata zizi.

Reli ilikabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia Julai 14, 1976. Katikati ya miaka hiyo ikapita operesheni vijiji. Kaya zilizotawanyika ziliamriwa kusogea pamoja, na katika ukanda wa TAZARA kulikuwa na sababu ya ziada: serikali ilitaka watu wakae kando ya njia, wailinde na kuihudumia. Wengi walihamia kwa hiari, wengi kwa kusukumwa. Mistari iliyonyooka ya nyumba katika vijiji vingi vya ukanda huu ilichorwa wakati huo. Ukisikia mzee akitofautisha kijijini na mahameni, anakumbuka kaya aliyoiacha, yenye makaburi ya babu zake.

Miaka ya 1980, kwa msaada wa Uingereza, barabara ya Makambako hadi Songea ikapata lami. Mahindi ya Ruvuma yakapata pa kupumzikia, na leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Makambako, kwenye maghala ambayo dereva yeyote wa lori anayajua.

Mgeni njoo

Lakini njia panda peke yake haifanyi mji. Ziko njia panda nyingi nchini zenye kibanda kimoja na mbuzi wawili. Makambako ilijengwa na watu walioamua kusimama pale ambapo wengine walikuwa wakipita. Wakinga walishuka kutoka milima ya Makete na mtaji wa viazi na pareto, wakafungua duka moja, kisha la jumla, kisha nyumba ya wageni. Mama lishe walijifunza ratiba ya treni kuliko mkuu wa stesheni. Wabena wenye ardhi waliuza viwanja, wengine kwa bei wanayoijutia hadi leo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Hapa mwenyeji alipona, na mgeni akawa mwenyeji.

Tabaka hili la tatu nalo limeacha majina: Majengo, Mji Mwema, Mwembetogwa. Ni ya Kiswahili, kwa sababu wanaoyatumia wametoka makabila tofauti na walihitaji lugha ya kununuliana chumvi. Ukitembea kutoka Lyamkena hadi Majengo umevuka zaidi ya mtaa. Umevuka kutoka kizazi kilichoita mahali kwa Kibena hadi kizazi kilichopaita kwa Kiswahili.

Mwaka 2012 Njombe ikawa mkoa, ikimegwa kutoka Iringa, na sensa ya mwaka huo ikahesabu watu 130,223 katika Mji wa Njombe na 93,827 Makambako. Miaka kumi baadaye mkoa mzima ulikuwa na watu 889,946. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zikakubaliana na kampuni ya Kichina kuifufua TAZARA kwa dola za Marekani bilioni 1.4. Tabaka la nne linakuja, na litakuja na majina yake.

Lakini majina yasiyoandikwa hupotea na sababu zake. Ndiyo maana nawatazama Wamarekani kwa wivu kidogo. Kule pia Wachina walijenga reli: maelfu yao walipasua milima ya California kwa ajili ya Central Pacific, hadi njia mbili zikakutana Promontory, Utah, Mei 10, 1869. Miji kama Cheyenne, iliyoanza mwaka 1867 kama kambi ya reli, ilizaliwa kwa namna ambayo mtu wa Makambako angeielewa bila mkalimani, tena ikabeba jina la watu waliokuwapo kabla yake. Tofauti ni kwamba huko si ajabu kijiji cha watu mia chache kuwa na chama cha historia, chumba cha picha za zamani na kijitabu kinachotaja nani alifungua duka la kwanza, nani alichimba kisima, nani alikuwa mwalimu wa kwanza.

Mtu aliyekuwa na miaka 20 treni ilipofika Makambako sasa amevuka 70. Anajua kaya zipi zilihamishwa kuipisha reli, nani alikuwa wa kwanza kuuza chai stesheni, na kwa nini mtaa wake unaitwa unavyoitwa. Haya hayahitaji bajeti wala mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Yanahitaji daftari la kurasa mia, kalamu, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua kusema kamwene, salamu ya Kibena, kwa adabu kabla hajauliza swali.

Ofisi ya kila mtaa ina daftari la wageni na daftari la michango. Iongezwe la tatu, la majina, na lianze kuandikwa msimu huu wa ulanzi, wazee wakiwa bado barazani.